Kiyembe, Owino, duka la mtaani au simu: ununue wapi uzi na kitambaa Kampala?

Shali ilikuwa imebakiza mistari kumi na minne. Uzi wa akriliki wa manjano, wa mtoto wa wifi yangu aliyekuwa bado hajazaliwa, na bonge likaniishia mkononi saa tatu usiku. Asubuhi nilipanda teksi hadi mjini, nikarudi duka lile lile, nikamwonyesha muuzaji nilichofuma. Akachukua bonge kwenye rafu, akaliweka kando yake. Chini ya taa ya tyubu yalikuwa mapacha. Nyumbani nilipokaa mlangoni penye jua ndipo nikaona: huku ndizi mbivu, huku ndizi ya kesho kutwa. Nilifuma hivyo hivyo, maana siku zilikuwa zimekwisha. Mtoto sasa anakimbia, na kila akiiburuza ile shali jicho langu linakwenda kwenye ule mstari.

Watu wakijua nafuma huniuliza swali moja: wapi bei nafuu? Nimeacha kulijibu. Bonge lile lilikuwa nafuu. Siku hizi nami huwauliza: kosa gani huwezi kulivumilia katika kazi hii? Rangi isiyooana, kitambaa kinachopungua, siku nzima kupotea mjini, au hela kuisha? Kila mahali pa kununulia hapa Kampala pana kosa lake lililozoeleka, na ukilijua kabla hujatoka nyumbani unajua pia pa kwenda.

Mimi si mfanyabiashara wa vitambaa. Nimekulia Jinja, kwenye nyumba za jeshi, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya uani na mama zetu walifuma vitambaa vya makochi wakingoja mwisho wa mwezi. Mashuka yetu yalitoka kiwanda cha Nytil hapo hapo mjini, mwendo mfupi kutoka bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Sasa naishi Kampala, nafuma vya kuuza kidogo, nashona vya nyumbani, na nimenunua katika sehemu zote tano nitakazozilinganisha hapa.

Vipimo vyangu ni vitano. Kwanza mapokezi: unaweza kushika, kunusa na kuondoka bila kununua? Pili kipimo: unachopimiwa ndicho ulicholipia? Tatu rangi na aina: ni pamba kweli, na kesho utaipata rangi ile ile? Nne ushauri: anayeuza anaijua kazi? Tano kurudisha: ukikosea, au akikosea yeye, inakuwaje? Bei sikuipa kipengele chake. Vitambaa vingi na karibu nyuzi zote za kufuma zinatoka nje, kwa hiyo bei hupanda na kushuka na dola na ushuru. Nitakayoiandika leo itakudanganya kesho. Nitasema tu wapi iko juu na wapi iko chini.

Kiyembe na arkedi zake

Mtu wa Kampala akisema "naenda kununua kitambaa" bila kutaja mahali, ana maana ya Kiyembe, ile njia nyembamba ya mjini ambako majora yamesimamishwa milangoni kama askari wa zamu. Vitenge, lasi, satini, krepu, bitana, vitambaa vya gomesi, lile vazi la heshima la wanawake wa Uganda, vya kila mng'aro. Nyuzi za kufuma unazipata kwenye arkedi za jirani, yale majengo ya ghorofa yaliyojaa vijiduka, nyingi kwa pakiti nzima.

*Mapokezi.* Utaitwa kabla hujafika. "Nyabo, jangu wano!" Mama, njoo hapa. Na ukijibu kwa Kiswahili mambo yanabadilika. Wengi watadhani umetoka Bunia au Butembo, huko Kongo, kununua marobota, basi unaletewa kiti, mara nyingine soda. Ukisema unataka yadi mbili, kiti kinakumbuka mwenyewe. Na kwa kuwa hapa Kiswahili huhesabiwa lugha ya jeshi, kuna waliowahi kuniuliza kama mimi ni mke wa afande. Nacheka, nasema ni binti yake. Lakini nisiwaonee: kushika kitambaa hawakatazi, na watakukunjulia majora kumi bila kununa. Kinachochosha ni kasi. Nyuma yako pana mteja mwingine, na kijana wa mkokoteni anapiga mluzi umpishe.

*Kipimo.* Hapa ndipo nataka usimame nami kidogo. Kiyembe wanauza kwa yadi na kwa mita, na maneno hayo mawili hubadilishana nafasi katikati ya mazungumzo. Yadi moja ni sentimita 91.44. Ukilipia mita sita ukapimiwa yadi sita, unaondoka na mita 5.49 hivi; sentimita 51 zimebaki kwenye jora. Tuseme mita ni shilingi 10,000: umeacha pale zaidi ya 5,000. Pesa si kitu sana. Kitu ni simu ya fundi siku ya pili: "Mama, kitambaa hakitoshi, mkono mmoja haupo." Mimi niliipokea simu hiyo. Niliporudi, katika duka ambalo sitalitaja, jora lilikuwa limekwisha, na yule muuzaji hakuwa mwongo hata kidogo: alisema yadi, mimi nikasikia mita. Tangu siku hiyo natembea na tepu yangu ya fundi mkobani, na kabla mkasi haujafunguka nauliza, "Hiyo rula yako ni yadi au mita?" Hawakasiriki. Uliza pia upana. Kitambaa cha inchi 45 na cha inchi 60 ni vitu viwili tofauti, na fundi wako atakutajia urefu kulingana na upana. Kitenge kilichokunjwa tayari chenye karatasi ya yadi sita kikunjue ukipime mbele yake.

*Rangi na aina.* Uchaguzi hauna mpinzani. Lakini neno "pamba" pale linatumika kwa ukarimu mwingi. Vuta uzi mmoja ukingoni, uombe kibiriti, uchome. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kishanga kigumu. Wauzaji wenye hakika na mali yao watakuchomea wenyewe. Kitenge cha waksi kigeuze: upande wa nyuma rangi inakaribia ya mbele, lakini kile cha kuchapwa upande mmoja kinakuwa kimepauka nyuma. Maandishi ya ukingoni usiyaamini peke yake. Jina la Vlisco, kampuni ya Uholanzi iliyoanza mwaka 1846, limeigwa kuliko jina lolote ninalolijua kwenye vitambaa.

*Ushauri.* Kwa gomesi, hakuna anayewashinda. Muuzaji mzoefu anakutazama mara moja kuanzia bega hadi nyonga, anakutajia mita, na hakosei. Anakukumbusha na kikoyi cha ndani na mshipi. Kwa uzi wa kufuma, wengi wao ni wauzaji tu. Usiwaulize shali inataka mabonge mangapi.

*Kurudisha.* Kilichokatwa kimekatwa. Ambacho hakijakatwa unaweza kubadilishiwa siku ile ile kama una risiti na uso wa upole. Risiti zenyewe zina historia: EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, URA, ulikuwa moja ya sababu za mgomo wa Aprili 2024, maduka mengi ya katikati ya Kampala yalipofungwa, na ushuru wa vitambaa ulikuwa miongoni mwa malalamiko. Sehemu nyingi bado utaandikiwa ya mkono. Ikubali, ila hakikisha imeandikwa urefu na neno *mita* au *yadi*.

Kiyembe panamfaa anayetaka kingi cha aina moja, anayeshonea sherehe, na anayejua anachotaka kabla ya kushuka kwenye teksi. Mwenye haya na mwenye kusitasita huuziwa asichokitaka.

Owino

Jina la kwenye karatasi ni Soko la St. Balikuddembe, kwa heshima ya mfiadini Mkatoliki Joseph Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa mwaka 1885 hapo hapo upande wa Nakivubo. Mdomoni ni Owino. Watu hudhani Owino ni nguo za mitumba tu. Mfumaji anaona vingine: kila sweta la sufu lililotundikwa pale ni mabonge sita ya uzi yanayongoja kufumuliwa.

*Rangi na aina* ndiyo sababu ya kwenda, kwa hiyo naanza nayo. Sufu halisi nimeipata Owino kirahisi kuliko katika duka lolote la uzi mpya, ambako akriliki ndiyo imejaa. Lebo ya ndani inasema. Lebo ikiwa imekatwa, unyuzi mmoja ukiuchoma unanuka nywele. Na kuna faida moja ambayo haisemwi: uzi wa sweta zima ulichovywa katika pipa moja la rangi. Lile tatizo langu la ndizi halipo. Kasoro ni kwamba likiisha limeisha, ndugu yake yuko Ulaya.

Lakini si kila sweta linafumuka, na hili nilijifunza kwa machozi. Ligeuze ndani, utazame mshono wa ubavuni. Ukiona vipande viwili vimeunganishwa kwa uzi unaopita kama mnyororo, kila kipande na ukingo wake mzima, chukua. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa nyuzi nyingi za cherehani, acha. Kitambaa kile kilikatwa kwa mkasi, na ukianza kufumua utapata vijiti vya uzi vya urefu wa mkono, mamia kwa mamia. Sweta zuri ukishalifumua, zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uoshe kwa maji vuguvugu, uutundike na kopo la maji chini ili mikunjo inyooke. Kesho yake ni uzi.

Mashuka na mapazia ya mitumba ni hazina ya pili. Shuka la pamba nzito halitarudi tena, yaani halitapungua kwa kufuliwa, limesharudi lote lililotaka kurudi, na linatosha kukatia nguo ya majaribio kabla hujagusa kitambaa cha harusi. Linyanyue juu penye mwanga utazame katikati, ndipo watu hulala na ndipo linapochakaa.

*Mapokezi.* Utashikwa mkono. Tabasamu, toa mkono wako taratibu, endelea. Neno moja la Kiganda litakufaa kuliko sentensi kumi za Kiswahili: "Salako," punguza kidogo. Simu weka ndani kabisa, mkoba uwe mbele. Asubuhi robota likifunguliwa unapata vizuri. Mchana unapata vilivyochaguliwa na wenzako.

*Kipimo.* Macho yako na tepu yako.

*Ushauri.* Muuzaji hajui unataka kufumua, na usimwambie. Niliwahi kusema kwa furaha kwamba sweta lile nitalifumua nipate uzi, bei ikapanda hapo hapo, na mkewe akaja kuniuliza kama nina akili timamu.

*Kurudisha.* Kama muuzaji ni wako wa kila wiki atakubadilishia. Kama si wako, utamkuta amehamia kibanda kingine.

Owino ni ya mwenye muda na asiyehitaji rangi maalum. Kwa anayejifunza, sijui pengine pa kuharibu uzi kwa gharama ndogo hivyo. Mwenye tarehe mkononi asiende.

Duka dogo la mtaani

Unalijua: mlango mmoja, fundi cherehani nje, ndani zipu zimening'inia kama samaki wa kukaushwa. Vifungo kwenye mitungi, lastiki, bitana, vilini ya kukazia kola, uzi wa cherehani, na kwenye rafu ya juu mabonge machache ya kufuma. Rangi utazitabiri: nyeupe, nyeusi, na zile za sweta za shule za jirani. Ukitaka kujua kata yako ina shule gani, tazama rafu hiyo.

*Mapokezi* ni ya jirani. Unaulizwa watoto kwanza. Unakaa. *Kipimo* ni kizuri kuliko kote, kwa sababu anayekupunja mita leo mtakutana naye msibani Jumamosi. *Rangi* ndiyo udhaifu, uchaguzi ni mdogo na mabonge huja machache machache, kila awamu na pipa lake. Dawa ipo: mwagize mapema pakiti nzima kutoka mjini, ulipe nusu. Atakuletea, atapata kidogo juu yake, nawe umeokoa nauli na siku.

*Ushauri* nisiupite haraka. Mwenye duka langu ni mama wa makamo ambaye mwenyewe anashona. Nilikwenda kununua zipu ya sentimita ishirini ya gauni, akanyanyua lile gauni, akalitazama kiunoni, akasema, "Hii itakatika siku ya kwanza ukikaa kwenye boda. Chukua ya kufichwa, ndefu zaidi, halafu uanze kushona kutoka chini." Hakuongeza hata senti kwa somo hilo. Huyo huyo ndiye aliyenifundisha kuloweka kitambaa cha pamba usiku kucha kabla ya kukata, kirudi kikiwa bado kitambaa, kisije kurudi kikiwa gauni.

*Kurudisha* hakuna shida, zipu iliyofungwa vibaya inabadilishwa hata baada ya wiki. Na kukopa kupo, ingawa nakuomba usikuzoee. Vifungo ni vidogo lakini daftari linajaa.

Bei iko juu kidogo ya mjini. Ukihesabu nauli, mara nyingi iko chini. Panamfaa mwenye watoto wadogo, mwenye kazi ya kurekebisha nguo, na anayeanza kushona akiwa hana mwalimu. Kwa kitambaa cha sherehe hapatoshi.

Duka la ufundi la bei zilizobandikwa

Yapo machache, huko kwenye majengo ya kisasa yenye mlinzi wa kukagua mkoba mlangoni. Nakiri nilikwenda mara ya kwanza nikiwa na chuki tayari. Chuki ilipungua.

*Mapokezi.* Kimya. Hakuna anayekushika. Baada ya Kiyembe, kimya hicho kinatia wasiwasi, unajiona kama unafuatwa, na mara nyingine unafuatwa kweli. Bei imeandikwa, hakuna "salako", nami ambaye Kiganda changu ni cha kuombea nafuu nilijiona sina silaha.

*Kipimo.* Uzi una lebo ya gramu na ya mita, sindano za kroshia zimeandikwa 3, 4, 5 mm. Ukifuata mchoro ulioandikwa, hili ni jambo kubwa. Sindano za sokoni nyingi hazina namba, unakisia kwa kidole.

*Rangi na aina.* Hapa ndipo penye loti. Kwenye lebo, chini ya jina la rangi, kuna namba nyingine ndogo: ndiyo namba ya pipa ambalo uzi ule ulichovywa. Mabonge mawili yenye jina moja la rangi na loti mbili tofauti si ndugu wa baba mmoja. Ningelijua hilo miaka ile, ile shali isingekuwa na mstari. Hapa unaweza kuchagua nane zenye loti moja, na uzi wa pamba halisi wa kufumia upo. (Inauma kidogo: nchi inalima pamba, sehemu kubwa inasafirishwa ikiwa bado haijasokotwa, na mimi nasimama Kampala nasoma lebo ya Uturuki.)

*Ushauri* ni bahati. Siku moja nimekutana na binti aliyenionyesha mshono mpya pale pale kaunta. Siku nyingine kijana aliniuliza kama uzi ule ni wa kushonea viatu. *Kurudisha:* bonge ambalo halijafunguliwa, na risiti, ndani ya siku zilizoandikwa ukutani. Hakuna haja ya uso wa upole.

Bei ni kubwa, tena kubwa kweli. Panafaa kwa blanketi kubwa la rangi moja, kwa kazi ya mteja anayelipa, na kwa mtu asiyeweza kubembelezana. Ukinunua huko uzi wa kujifunzia umetupa hela.

Kwa simu

Wauzaji wa WhatsApp na TikTok wameongezeka, wengi wao wana kibanda mjini, wengine hawana hata rafu: wananunua pale pale ambapo ungeenda wewe. Unalipa kwa simu, boda analeta. Aliye Arua au Mbarara anapakiliwa kwenye basi la usiku.

*Mapokezi.* Wanajibu haraka mpaka ulipe, baada ya hapo inategemea malezi ya mtu. Bei haiandikwi, "njoo inboksi". *Kipimo.* Omba video ya tepu ikiwa juu ya kitambaa, mwanzo hadi mwisho. *Ushauri.* Picha za kazi za wengine ni nyingi, na hilo si dogo, unaona kitambaa kikiwa kimevaliwa. *Kurudisha.* Lipa mzigo ukifika, kama anakubali. Kama hakubali, agiza kidogo kwanza.

*Rangi* ndiyo mtego. Niliagiza bluu ya bahari usiku kwa sketi ya shule, ikaja nyeusi. Muuzaji akasema ni simu yangu. Inawezekana. Sasa nina mbinu: namwomba apige picha nje mchana, na juu ya kitambaa aweke noti. Noti zote tunazo, rangi zake ni zile zile kwake na kwangu: ya 2,000 ni bluu, ya 5,000 kijani, ya 10,000 zambarau, ya 20,000 nyekundu. Naishika yangu kando ya simu. Kama noti yake imegeuka rangi kwenye kioo, basi na kitambaa kimegeuka. Mbinu hii imeniokoa mara nyingi, na mara moja muuzaji alidhani namwomba anionyeshe hela.

Simu inamfaa aliye mbali na aliye kazini mchana kutwa, kwa vitu visivyo na utata: bitana nyeusi, uzi mweupe, zipu, vilini.

Kwa hali yako

Mnajiandaa kwa kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, akina mama kumi mtavaa sare: Kiyembe, jora moja, siku moja, mwende na fundi mwenyewe. Msinunue kwa awamu mkingoja michango, wa mwisho atavaa rangi ya binamu. Mtangulize mmoja alipe lote, deni mdaiane nyumbani. Na mwende mapema, si wiki ya Idi wala Desemba.

Unajifunza kufuma: sweta moja la Owino na sindano moja ya duka la mtaani. Kosea, fumua, rudia. Uzi ule ulikwishafumuliwa mara moja, hauogopi.

Umepata mteja wa blanketi la kitanda: nunua mabonge yote kwa siku moja, yenye loti moja, na moja la ziada. Kwenye duka la lebo kama bei anailipa yeye. Kwa pakiti nzima kupitia mama wa mtaani kama unailipa wewe. Pakiti yenyewe ifungue, uyatazame mabonge yote juani kabla hujaanza mstari wa kwanza.

Unatoka Kongo au Kenya kuchukua mzigo: tepu yako, mtu mmoja anayejua Kiganda, na usikubali soda kabla ya bei.

Una kichanga mgongoni na gauni moja la kushonea Jumapili: usiende popote zaidi ya kona ya mtaa wako.

Na kama umebakiza mistari kumi na minne na bonge limekwisha saa tatu usiku, usikimbilie mjini kutafuta pacha. Nunua rangi nyingine kabisa, iliyo mbali, hata hapo kwa jirani, ufume nayo pindo. Mtoto wa pili wa wifi yangu ana shali ya kijani yenye pindo nyeupe la mistari kumi na moja. Kila anayeiona anauliza niliutoa wapi ule mtindo.